Fundi Kalia-Kwanza na Shimo la Babu

Watu wengi wakikutana nawe hukutazama usoni. Fundi Kalia-Kwanza hana shida na uso wako, maana si uso utakaokaa juu ya kochi. Macho yake yanashuka moja kwa moja mpaka pale unapokalia, yanatulia hapo kama ya mtu anayesoma tangazo, halafu ndipo anakwambia, "Karibu." Wageni hukasirika. Sisi wa mtaani tumeshazoea, na wengine wetu, nisiwataje, tunageuka kidogo ili aone vizuri.

Juzi mwalimu mkuu mmoja alikuja kuchukua kochi lake. Akakuta sponji iko tayari, mikanda imekazwa, lakini kitambaa hakijapigiliwa.

"Kalia kwanza, mwalimu," fundi akasema.

"Nimekuja kuchukua. Sikuja kukaa."

"Kalia."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Kwani nimekwambia uvue?"

Mwalimu mkuu akakalia, huku akitazama juu kama anayepigwa sindano. Fundi akamzunguka, akainama, akamwambia anaegemea upande mmoja kwa sababu ya pochi anayoiweka mfuko wa nyuma. Akachomoa kipande cha sponji, akachomeka kingine. Mwalimu alipokaa mara ya pili akauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kubaki hapo kidogo.

Wapo wanaosema mama huyu ana wazimu. Wapo wanaosema ni mbinu ya kuchelewesha kazi. Wote wamekosea. Tabia hiyo aliiokota ng'ambo, alipokuwa msichana wa sekondari, na ilibaki kidogo tu imrudishe nyumbani kwa ndege kabla ya wakati wake.

Huyu mtu alizaliwa ndani ya sponji. Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Stepla, alikuwa fundi wa makochi, na karakana yake ilikuwa mlangoni pa nyumba yao hasa, hata ukitaka kuingia kula ilibidi uruke springi. Ndani kwao, bila shaka, hakukuwa na kochi hata moja. Walikalia ndoo. Na nyumba hiyo ilikuwa na sheria moja iliyozishinda zote, aliyoisema Mzee Stepla kila asubuhi huku meno yake yameuma misumari: "Kilichoko nje ni kazi, kilichoko ndani ni chetu." Ukikuta kiti nje, usiulize ni cha nani. Anza.

Sheria hiyo haikuwa na mchezo. Siku moja shemeji mtu alikuja kusalimia na kistuli chake, kwa sababu alishajua habari za ndoo. Akakiacha mlangoni, akaingia kunywa chai. Alipotoka akakuta kistuli kina kitambaa kipya chenye maua, na binti mdogo wa nyumba anakata nyuzi zilizobaki. Shemeji hakupenda maua, ila alikaa, akaondoka nacho.

Sasa, binti huyu alipokuwa kidato cha tatu, shule yao ikaingia kwenye mpango wa kubadilishana wanafunzi. Wao wanaleta wao, sisi tunapeleka wetu, kama watu wanaobadilishana mitungi ya gesi. Waliokwenda kwenye usaili walikuwa wengi, na wote walieleza jinsi wanavyotaka kuijenga dunia. Binti wa Mzee Stepla alipoulizwa anataka nini huko ng'ambo, akasema anataka kuona wanakalia nini. Waliomhoji wakacheka sana, wakamchukua. Wengine bado wanasema ni upendeleo.

Siku ya kuondoka mtaa ulijaa. Mama yake akalia, baba yake akajifanya ana vumbi la sponji jichoni. Na jirani yao, fundi wa kuchomelea, akavua miwani yake myeusi ili aseme vizuri alichotaka kusema.

"Huyu? Atarudi kabla kucha hazijakua."

"Mchomeleaji," Mzee Stepla akasema, "chomelea mdomo wako."

"Mimi nimesema tu. Baridi, upweke, chakula hakieleweki. Atarudi, utamkalisha kwenye ndoo yake."

Maneno hayo yalimsindikiza binti mpaka kwenye ndege. Aliapa moyoni kwamba atarudi mwaka ukiisha na si siku moja kabla. Kurudi mapema kungemaanisha kumpa mchomeleaji cha kusema mpaka siku ya kufa, tena siku ya kufa ya binti, si yake.

Nyumba aliyopelekwa ilikuwa na watu watatu. Mama mwenyeji alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mwema sana mwenye mguu wa kulia usiotulia. Alikuwa amefundisha watu kuendesha kwa miaka mingi mno, mpaka hata mezani, mtu akisogeza bakuli haraka, alikanyaga sakafu na kupiga kelele, "Breki!" Binti yake alikuwa wa rika moja na mgeni wetu, msichana mrefu, mcheshi, aliyesikia kila kitu hata akiwa ameziba masikio kwa muziki. Hawa wawili walimpokea kama ndugu. Tatizo lilikuwa wa tatu.

Wa tatu alikuwa Babu, baba mzazi wa mama mwenyeji. Babu hakuwa mkorofi. Angekuwa mkorofi ingekuwa afadhali, kwa sababu mkorofi anaongea. Babu alikaa kwenye kochi lake mbele ya televisheni, na mgeni akimwamkia, alitikisa kichwa kama anayefukuza nzi mvivu. Asubuhi kutikisa, jioni kutikisa. Msichana mwenyeji alimfariji mwenzake.

"Usijali. Babu anasema wageni ni kama mafua. Wanapita."

"Sasa mimi ni mafua?"

"Mpaka sasa ni chafya tu."

Na kochi lenyewe! Mtoto wa fundi aliliona siku ya kwanza, nusura aangushe begi. Lilikuwa kochi la watu watatu, rangi yake imeshasahaulika, na katikati yake, ila kwa kuvuta kushoto, kulikuwa na shimo. Unaweza kusema limebonyea, lakini kubonyea ni kitu cha siku moja. Hili lilikuwa shimo lenye kingo, lenye bonde na kilima, na Babu aliingia humo kama yai kwenye trei. Ukikaa pembeni yake unaviringika mpaka unamgonga. Kila jioni binti alikaa kwenye zulia akilitazama shimo lile kama daktari anavyotazama jipu la mtu aliyekaa mbele yake kanisani. Mikono ilimwasha. Lakini kochi lilikuwa ndani, na kilichoko ndani si kazi.

Shuleni mambo yalikwenda hivyo hivyo, mbele nyuma. Siku ya kwanza mwalimu alipoingia darasani, yeye akasimama kwa heshima. Darasa zima likamwangalia, nalo likasimama, likaelekea mlangoni, likidhani kuna moto. Lugha ya kule aliijua kwa vitabu, ikamtoka kinywani kama simu yenye mtandao mbovu. Lakini alizoea, na wakamzoea. Kilichomnyima raha kilikuwa kimoja. Mpango ulisema kwamba mgeni anakaa kwanza kwa majaribio, na kabla ya likizo msimamizi atakuja nyumbani kumuuliza kila mtu kama abaki. Kila mtu, na Babu akiwemo. Mmoja akisema hapana, mgeni anahama. Na katika mji ule, familia nyingine iliyokuwa tayari kumpokea mgeni haikuwepo. Kuhama maana yake ilikuwa ndege, mtaa, mchomeleaji, ndoo.

Basi, wiki mbili hivi kabla ya msimamizi kuja, mama mwenyeji akaamua kupaka rangi ukuta wa sebuleni. Asubuhi ile yeye na binti yake wakaliburuta kochi mpaka kibarazani, ili lisirukiwe na rangi. Halafu akampeleka Babu kung'olewa jino. Msichana mwenyeji akaenda zake mazoezi ya mpira. Mgeni akatoka shule, akakata kona, akaliona kochi. Limekaa nje, mbele ya mlango.

Alisimama pale na mkoba mgongoni, na moyo wake ukajaa. Hatimaye! Kumbe watu hawa wanamjua yeye ni mtoto wa nani. Hawakusema, lakini kwao nako hakuna aliyewahi kusema. Kitu kinawekwa nje, na mwenye akili anaelewa. Akatupa mkoba, akaenda kwenye banda la bustani, akatoka na koleo, bisibisi, kisu na stepla, akaanza.

Niseme kweli: ilikuwa kazi safi. Alikichana kitambaa cha zamani, akaing'oa sponji iliyochakaa, akaiona imekuwa ngumu kama mkate uliosahauliwa, akaitupa kwenye pipa la taka. Gari la taka likapita na kuibeba, na yeye akampungia dereva mkono. Akakaza mikanda. Kwenye banda kulikuwa na godoro la kitanda cha kukunja lisilotumika, akalikata, akalipanga safu kwa safu. Mapazia ya zamani yaliyokuwa kwenye mfuko wa vitu vya kutupa yakawa kitambaa. Alipomaliza, kochi lilikuwa tambarare, limekaza, limenyooka mgongo kama askari wa siku ya kwanza kazini. Ungelipiga ngumi lingekurudishia.

Gari likaingia uani. Mama mwenyeji aliliona kochi kwa kioo cha mbele, akakanyaga mguu wa kulia, na safari hii ilikuwa breki ya kweli.

"Nini hiki?" akauliza akishuka.

"Kochi," binti akasema, akitabasamu mpaka fizi. "Nimemaliza."

Babu alishuka polepole, shavu limevimba, kitambaa mdomoni. Akalizunguka kochi. Akaligeuzia mgongo kama alivyofanya kila siku ya maisha yake, akashika magoti, akajiachia.

Kochi likamkataa. Lilimrusha kidogo juu, akatua, akateleza, na taratibu, bila haraka, mzee wa watu akashuka mpaka kwenye sakafu ya kibaraza, miguu imenyooka mbele. Akatoa kitambaa mdomoni. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mgeni aingie nyumba ile, Babu akamsemesha.

"Shimo langu liko wapi?"

Sasa wewe ungejibu nini? Binti alitazama barabarani, gari la taka lilikopotelea. Mama mwenyeji naye akatazama huko huko, akaelewa, akakaa kwenye ngazi.

Siku zilizofuata zilikuwa za aibu ya kipekee. Babu alikataa kukaa. Hakukaa kwenye kochi, hakukaa kwenye kiti cha jikoni, hakukaa popote. Alikula amesimama. Alitazama televisheni ameegemea ukuta uliopakwa rangi mpya, kama fagio, na sweta lake likapata mstari mweupe mgongoni. Kila alipopita mgeni wetu, mzee alihema. Hakumtukana wala kumwambia neno. Alihema tu, na kila kuhema kulikuwa na tiketi ya ndege ndani yake.

"Mkikaa mezani mwombe msamaha," msichana mwenyeji akamshauri.

"Atakaa lini?"

"Hilo nalo neno."

Binti akampigia baba yake simu. Upande wa pili akasikia nyundo, akasikia mashine ya mchomeleaji, akasikia nyumbani, nusura alie. Akaeleza yote. Kisha Mzee Stepla akacheka, akacheka mpaka akakohoa, mpaka binti akasikia sauti ya nyuma ikiuliza, "Vipi, anarudi?"

"Harudi!" baba akamjibu mchomeleaji, kisha akarudi kwenye simu. "Mama, sikiliza. Kazi umefanya nzuri?"

"Nzuri sana, baba. Imekaza."

"Imekaza kwa nani?"

Baba hakungoja jibu.

"Huyo mzee ana makalio ya namna gani?"

"Baba! Nitajuaje? Sikuyatazama!"

"Fundi hakutazama! Sasa ulikuwa unamshonea nani, mwenyekiti wa kijiji? Mtu amechimba shimo lake miaka yote hiyo kwa jasho lake mwenyewe, wewe unakuja kulifukia kwa mchana mmoja."

"Wewe si ndiye uliyesema kilichoko nje ni kazi?"

Hapo sasa Mzee Stepla akaweka nyundo chini. "Hapa kwetu," akasema mwishowe. "Nilisahau kukwambia hapa kwetu."

Ndipo akampa maelekezo. Shimo la mtu huwezi kulikisia kichwani. Tafuta mchanga, umwagie maji, umkalishe mwenyewe juu yake, upate chapa. Kisha uchonge sponji kwa kuifuata chapa, bonde kwa bonde.

"Sasa nitamwambiaje mzee wa watu akalie mchanga?"

"Kwa heshima," baba akasema, akakata simu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mchanga uliobaki kwenye ujenzi wa njia ya bustani. Msichana mwenyeji akaleta beseni kubwa la kufulia, wakalijaza, wakalilowesha. Halafu binti akaingia sebuleni, akasimama mbele ya mzee aliyeegemea ukuta. Sentensi aliyoiandaa kwa lugha ya kule ilikuwa ndefu na yenye adabu. Ikampotea yote. Ikabaki moja.

"Babu, naomba makalio yako."

Msichana mwenyeji alianguka nyuma ya mlango, akabaki huko huko. Babu hakucheka. Alimtazama mgeni muda mrefu, kisha akatazama kupitia dirishani, akaliona beseni.

"La kushoto ni zito zaidi," akasema.

"Kwa nini?"

Ni kama alikuwa anasubiri kuulizwa swali hilo tangu mke wake afariki. Babu alikuwa mkata tiketi kwenye kituo cha treni, kijana mpaka mvi, na dirisha lake lilikuwa upande wa kushoto. Kila abiria aliyekuja, alimwelemea kushoto. Mji mzima umesafiri kwa kulemea kwake, na waliokwenda harusini na waliokwenda kuzika. Yote haya aliyaeleza huku anatembea kwenda uani, huku anakunja suruali, huku anashikwa mkono na kushushwa kwenye beseni taratibu. Akakaa. Akajiweka sawa. Akaendelea kusimulia habari za mtu aliyetaka tiketi ya mbuzi.

Chapa ilitoka nzuri. Babu ndiye aliyekataa kutoka, maana mchanga ulikuwa umemnasa. Wasichana wawili wanamvuta, yeye anacheka, beseni linamfuata kama kobe na gamba lake, na hapo ndipo mama mwenyeji akaingia uani kutoka kazini, akamkuta baba yake mzazi amekalia mchanga wenye maji.

"Breki!" akapiga kelele. Lakini hakuna aliyemsikiliza.

Kazi ya kuchonga ilikuwa nyingine kabisa. Binti alifumua kochi alilolisifia, akakata sponji kwa kisu kidogo kidogo, anatazama beseni, anakata, anatazama tena. Babu alisimama juu yake kama mzee wa baraza.

"Kalia kwanza," binti anasema.

Babu anakalia. "Bado. Hapo kuna kilima."

Anakata. "Kalia."

"Huyu si mimi. Huyu ni mtu mwembamba ninayemfahamu."

"Kalia tena, Babu."

"Sasa umenipa makalio ya mke wangu, Mungu amrehemu."

Hivyo hivyo mpaka siku ya msimamizi. Asubuhi ile kitambaa kilipigiliwa, na Babu akakataa kulijaribu. Alisema atakaa msimamizi akiwepo, ili jibu lake liwe la haki. Binti alipolisikia hilo alikwenda chumbani, akatoa begi juu ya kabati, akaliweka kitandani likiwa wazi.

Msimamizi alikuwa mwanamke mwenye sauti ya hospitali, anayesema kila neno kama unalo jeraha. Akakaa kwenye kiti cha jikoni. Mama mwenyeji akasema abaki. Msichana mwenyeji akasema akiondoka huyu na yeye anaondoka naye, wapeane mitungi hiyo miwili miwili. Msimamizi akamgeukia Babu, aliyekuwa bado amesimama.

"Na wewe, mzee?"

Babu akaligeuzia kochi mgongo. Akashika magoti. Akajiachia. Akajisogeza kushoto, akajirudisha, akakunja uso. Binti alikuwa ameshika ukingo wa mlango mpaka vidole vimekufa ganzi. Mzee akajisogeza tena kidogo, kama kuku anayetafuta yai lake chini ya manyoya, na sura yake ikalegea, kwanza paji, kisha mashavu, kisha mdomo.

"Mzee?" msimamizi akauliza. "Unaonaje, abaki au asibaki?"

Babu akakoroma.

Hakukoroma kwa adabu. Alikoroma kama treni inayopunguza mwendo kuingia kituoni, na mate yakamtoka, na mkono wake ukaangukia mahali pake pa zamani palipokuwa pamepotea. Msimamizi akasogea mbele ili amguse bega.

Mguu wa mama mwenyeji ukakanyaga sakafu. "Breki," akanong'ona. "Usimwamshe. Ameshajibu."

Binti akapita kwa ncha za vidole mpaka chumbani, akalirudisha begi juu ya kabati, akampigia baba yake simu. Mzee Stepla hakumwacha hata amalize. Akaishusha simu, na kutoka ng'ambo binti akamsikia akipaza sauti kuishinda mashine ya jirani.

"Mchomeleaji! We mchomeleaji! Zima hiyo kitu! Kanunue kikata kucha!"